Sahani ya Pili ya Mwavita

Mahmood alianza kumjua Mwavita kwa ugomvi wa debe.

Ilikuwa mwaka themanini na tatu, barabara za Mbarara zikiwa na vizuizi vya askari vingi kuliko mashimo, na aliyethubutu kupeleka lori kambi ya wakimbizi ya Nakivale kununua maharage alirudi na faida au alirudi na roho yake tu. Mahmood alithubutu. Baba yake alikuwa ametoka Bukoba na baiskeli moja na furushi la kanga, akamwachia Kiswahili kilichonyooka na tabia ya kutomwamini mtu anayetabasamu kabla ya kutaja bei. Siku hiyo aliweka debe lake mbele ya nyumba ya udongo karibu na ziwa, akapenyeza mkono ndani ya gunia hadi kiwiko, akitafuta unyevu na mawe. Hakupata.

Mwenye gunia alikuwa mwanamke mrefu, mkimbizi kutoka Uvira upande wa Kongo, aliyevuka mpaka akiwa msichana wakati wa vita vya miaka ya sitini. Alimwacha mnunuzi apekue mpaka achoke. Kisha akaingia ndani, akatoka na debe lake mwenyewe, akalijaza maharage hadi mdomoni na kuyamimina katika debe la Mahmood. Halikujaa. Juu palibaki nafasi ya kiganja kizima.

“Papa,” akasema, “debe yako iko na tumbo.”

Wanawake wa jirani wakacheka. Debe hilo Mahmood alikuwa amelipiga nyundo kwa ndani, kona baada ya kona, kazi ambayo kila mnunuzi wa Mbarara aliijua na hakuna aliyeitaja.

“Safari ni ndefu, dada,” alijibu. “Hata debe hula njiani.”

“Basi ikule ya kwako. Ya kwangu tunapima na yangu.”

Wakapima na la kwake. Mahmood hakuumia sana, kwa kuwa hata kwa kipimo cha haki maharage ya Nakivale yalikuwa rahisi. Kilichomkaa moyoni kilitokea baadaye, wakati wapakiaji wanamalizia. Mwavita alikuwa na chungu cha sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, na wali pembeni. Mahmood akala sahani, akaomba ya pili, akalipishwa zote mbili, na alipofika kwenye kizuizi cha kwanza ndipo alipokumbuka kwamba hakubishana bei. Jambo hilo halikuwa limemtokea tangu aote ndevu. Akarudi mjini akimwaza mwanamke yule kama mtu anavyoliwaza duka lililo kwenye kona nzuri.

Kila alipokwenda Nakivale baada ya hapo alimkuta katika shughuli nyingine. Msimu mmoja alikuwa akikausha samaki, msimu uliofuata akishona mikeka, kisha akawa anawapikia wachimba visima. Watu wa kambini walisema kiti cha Mwavita kimeota kutu kwa kukosa mtu. Hakuwahi kukaa kwenye ndoa zaidi ya miezi michache. Ukizungumza naye ilikubidi utembee.

Mwishowe akapata kazi ya jikoni kwa daktari mmoja Mtaliano aliyekuwa akitibu wakimbizi. Daktari alikuwa na mke, Mama Livia, na kitoto cha kike kilichokataa kula mkononi mwa mtu yeyote isipokuwa Mwavita. Mwaka themanini na saba, mwaka ule wa noti mpya, Mama Livia alikuwa na mimba ya pili iliyomsumbua, akaamua kwenda kujifungua kwao. Daktari hakuweza kuwaacha wagonjwa. Basi Mwavita akatafutiwa hati ya safari ya wakimbizi na koti zito, akapanda ndege na kitoto mapajani, wakaenda Genova, mji wa bandari alikozaliwa Mama Livia.

Alirudi mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Mahmood alipopata habari alitafuta sababu ya kupeleka lori, ingawa maharage yalikuwa bado mashambani. Alimkuta akizunguka nyumba yake ya udongo kama mtu anayetafuta mlango.

“Nipeleke Mbarara,” alisema hata kabla ya salamu kwisha. “Huku nimeshamaliza.”

Mahmood akampakia mbele, na njia nzima akasikiliza habari za Genova. Hakusikiliza kama mtu anayesikiliza hadithi. Alisikiliza kama anayepekua gunia.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Huko Genova Mwavita alikuta jiko lina mwenyewe. Mama mzazi wa Mama Livia alikuwa bibi mfupi mnene, na mlango wa jiko aliuziba kwa mwili wake. Mgeni hakugusa mwiko. Mumewe, Mzee Ettore, alikuwa amestaafu kuendesha winchi bandarini, na kukaa nyumbani kulimchosha kuliko winchi. Kila adhuhuri alimchukua Mwavita na kitoto, wakatoka kwenda kula mjini. Walizungumza kwa Kifaransa cha kuokoteza, yeye cha mabaharia, Mwavita cha masista wa Uvira. Ikawa hivyo kwa miezi. Mtu aliyezoea kupanga foleni ya unga Nakivale akala katika mikahawa ya Ulaya hadi akajua ni mhudumu yupi anaumwa miguu.

“Siku ya kwanza,” Mwavita alisimulia, “banatuleteya unga ya ngano, banaisokota-sokota kama minyoo. Usicheke, Papa. Na juu yake majani ya kijani. Mi nasema, hii ni sombe. Nakula. Kumbe haikuiva. Banatwanga mu kinu na kitunguu saumu na mafuta, halafu banakupa mubichi.”

“Ukala hivyo hivyo?”

“Mugeni anaacha? Nikakula yote. Nikatazama kila fasi, nyama hakuna, samaki hakuna, na bahari iko pale mbele ya macho. Nikasema, maskini, mzee hana kitu. Nikaomba sahani ingine ya majani, ili asione haya.”

Mahmood akageuka kumtazama, lori likapita katikati ya shimo.

“Nikamaliza ya pili. Halafu ndio samaki ikakuya. Nzima, na kichwa yake, na mandimu. Papa, nilitaka kulia. Nilikuwa nimejaa mpaka hapa.” Akajishika shingo. “Na samaki nikaikula. Ungeacha, weye?”

Kosa hilo angelifanya hata Mahmood. Huku kwetu chakula hutua mezani kwa pamoja, mgeni akaona kila kilichopo, akalipangia tumbo lake. Nyama inayobaki jikoni wakati watu wanakula ni nyama ya mchoyo. Huko Genova ilikuja sahani moja, ikaondolewa, mtu akabaki na meza tupu, na baadaye sana, mwenye jiko alipoona inafaa, ikaja nyingine.

Ile nafasi ya katikati ndiyo iliyomtesa Mwavita. Mwanzoni alikuwa akiinuka kukusanya vyombo, na Mzee Ettore akimvuta mkono wa koti akae. Alikaa, miguu ikicheza chini ya meza. Akaanza kuangalia watu. Aliona mke na mume wamegombana kwenye sahani ya kwanza na kupatana kabla ya ya pili. Aliona wanaume wawili wakiuziana mashua hawana kitu mbele yao ila makombo ya mkate. Hakuna aliyewafukuza. Mhudumu alipita, akawatazama, akaenda zake.

Nguruwe ilikuwa taabu nyingine, kwa kuwa Mwavita alikuwa Mwislamu. Mzee Ettore alijifunza Kiswahili cha maneno mawili, “nguruwe hapana,” akawa anawatangazia wahudumu wa mji mzima kwa sauti ya winchi, kana kwamba walizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Walielewa kwa namna fulani. Kwa miezi yote ile nguruwe haikumgusa. Siku moja walipanda vichochoro mpaka duka la tanuri ambako chapati nene ya unga wa dengu iliokwa katika sinia la shaba pana kama gurudumu la lori. Wapagazi wa bandari waliila wamesimama, mafuta yakiwatiririka kwenye vifundo. Mwavita alisema hiyo ndiyo hoteli iliyofanana na kwao kuliko zote, na hapo ndipo alipojishangaa, kwa kuwa alitafuta kiti na hakikuwepo.

“Na ya mwisho?” Mahmood akauliza. Walikuwa wanaukaribia mji.

Ya mwisho ilikuwa mkahawa mdogo juu ya ngazi ndefu. Mpishi, mwanamke wa makamo, alitoka jikoni akifuta mikono, akaketi nao na kumwuliza mgeni alichokipenda. Mwavita akaomba kuliona jiko. Lilikuwa dogo kuliko la daktari.

“Meza kidogo tu, Papa. Na yule mama anapika vile anataka, analeta wakati anataka. Hakuna mutu anamwambia kitu. Hakuna karadi ya kupokeleya unga, hakuna foleni.” Mto Rwizi ukatokea mbele yao. “Ile nataka. Miye sitaki kingine.”

Mahmood naye alikuwa na alichokitaka. Mbele ya stendi ya mabasi palikuwa na nyumba ya Hajji Faruku, mlango wake umefungwa tangu vita vya sabini na tisa, na wafanyabiashara watatu walikuwa wakiizunguka kama nzi. Hajji, mzee asiyekula haraka wala kusema haraka, alimpa Mahmood maneno haya: fungua hoteli baada ya Idd ndogo, Ijumaa ya mwisho kabla ya Idd kubwa nitakuja kula, nikikuta viti vimejaa nakupa nyumba kwa miaka mitano, nikikuta viti vinatazamana, nampa muuza spea za baiskeli. Mahmood alikuwa na mchele, maharage, kuni na lori. Alichokosa kilikuwa mkono wa kupika.

Wakapatana humo ndani ya lori, injini ikinguruma. Mahmood alikuwa amejiandaa kwa mvutano wa mshahara, na Mwavita akaukubali ule wa kwanza aliotajiwa.

“Sharti yangu moja tu,” akasema. “Chakula kitatoka vile miye nasema.”

Mahmood akakubali hata Mwavita hajamaliza kutamka. Lilikuwa sharti lisilo na bei. Aliyekuwa akipekua kila gunia hadi kiwiko, hili alilipokea bila hata kulifungua mdomo.

Hoteli ikafunguliwa. Wateja wa kwanza walikuwa wanajeshi kutoka kambi ya jeshi ya hapo mjini, wakiongozwa na Sajini Benon, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kuamrisha hata chumvi. Mhudumu, Molly, binti wa Kinyankore aliyekuwa na maneno machache na miguu miepesi, akawaletea matoke na sombe. Wakatazama sahani. Wakazigeuza. Wakala. Molly akaondoa vyombo na kuingia ndani, na meza ikabaki tupu kama meza ya mahakama.

“Nyabo,” Benon akamwita Molly, yaani bibie. “Nyama nakwenda wapi?”

“Inakuja, afande.”

“Nakuja kutoka wapi? Kabale?”

Wenzake wakacheka, lakini kicheko cha mtu asiyeshiba hakidumu. Jikoni, Mwavita alikuwa amesimama kando ya chungu cha nyama ya mbuzi, mwiko mkononi, akiacha nafasi ile ikae. Mahmood alimwashiria kwa macho. Hakuyaona. Benon akapiga meza kwa kiganja mara moja, glasi zikaruka, na katika dakika hiyo hiyo Mwavita akaridhika kwamba wakati umefika. Nyama ikatoka, nyingi, laini, mchuzi umeshika vizuri. Wanajeshi wakala kimya. Walipotoka, Benon alimpiga Mahmood begani kwa upole wa mtu aliyeshinda.

Jioni ile habari ilikuwa imeenea kambi nzima: kwa Mahmood nyama iko, tena tamu, ila lazima ugombane ndipo upewe.

Kesho yake watu waliingia wakigomba tangu mlangoni. Makondakta walipiga meza kabla ya kukaa. Mwalimu mmoja wa Nyamitanga, mtu mpole mwenye miwani, alimwita Molly pembeni na kumnong’oneza, “Samahani binti, na mimi nagombana.” Na kwa kuwa Mwavita hakupeleka nyama mpaka aone inafaa, na kelele hazikukoma mpaka nyama ifike, kila mtu aliondoka akiamini kelele zake ndizo zilizoileta.

Mahmood hakuona ubaya. Nyumba ilijaa. Mwavita alikuwa akitembea huku na huku jikoni kama chui.

“Banakula kama batu banafukuzwa,” alisema.

“Wanafukuzwa, dada. Basi la Kabale linapiga honi.”

Na hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wenyewe. Mzaha wa kugombana ulichosha baada ya wiki chache, honi zikabaki. Abiria alikula matoke yake, akasikia gari lake, akakimbia kabla ya nyama, akabeba hasira mpaka Kabale na kuisambaza huko. Wengine walirudi siku ya pili kudai nyama ya jana. Hoteli ya jirani, ambayo mchuzi wake ulikuwa maji yenye rangi, iliweka kipande cha nyama juu ya kilima cha posho, yaani ugali, ili kionekane toka barabarani, na watu wakaenda huko. Viti vya Mahmood vikaanza kutazamana. Muuza spea za baiskeli akaja kunywa chai, akapima ukuta kwa hatua zake, akaaga kwa adabu.

“Weka yote sahani moja,” Mahmood akamwambia Mwavita. “Nyama juu, waione.”

“Tulipatana.”

“Tulipatana ukinieleza nini? Hukuniambia utawaficha watu nyama.”

“Nilikusimulia njia nzima, kutoka Nakivale mpaka mtoni. Ulikuwa unasikia nini?”

Mahmood akatoka nje. Alikuwa mtu wa kuheshimu mapatano. Si kwa wema, ila mjini aliyevunja neno moja alinunua kila kitu kwa fedha taslimu maisha yake yote. Lakini nyumba ile aliiota usingizini. Siku zilikwenda, naye akawa halali vizuri, anaamka na kuhesabu viti ambavyo havikuwa vimeongezeka.

Ijumaa ya Hajji ilipofika alikuwa ameshapita kambini kuwaambia akina Benon kwamba leo hakuna kugombana. Asubuhi alimvuta Molly kando: leo chukua chungu cha nyama pale dirishani, pakua mwenyewe, weka vyote pamoja, mpishi asijue. Molly alimtazama kidogo, akasema kwa heshima ya kwao, “Sawa, sebo.”

Baada ya swala nyumba ilijaa. Wanajeshi, makondakta, wachuuzi wa ndizi, hata yule mwalimu. Hajji Faruku akaingia na kanzu yake, akakaa meza ya katikati, na mbele yake kikabaki kiti kimoja kitupu. Sahani zilitoka na nyama juu, watu wakala, viti vilivyoachwa vikajazwa papo hapo. Mahmood alisimama mlangoni, mikono nyuma, akiwa na uso wa mtu ambaye siku zote ndivyo inavyokuwa kwake.

Jikoni, Mwavita alipokea sahani za kwanza zilizorudi. Zilikuwa na mifupa.

Akaziangalia. Akakifunua chungu cha dirishani, akaona nusu yake imekwenda. Akaepua chungu cha matoke, akafungua aproni, akaikunja na kuiweka juu ya kinu. Kisha akatoka, akapita kati ya meza, akaketi kwenye kile kiti kimoja kitupu, mbele ya Hajji Faruku, mikono juu ya meza.

Sahani zikaacha kutoka. Molly akasimama dirishani hana la kubeba. Mahmood akaja na tabasamu lililoelekezwa kwa Hajji na sauti ya chini iliyoelekezwa kwa Mwavita.

“Dada Mwavita. Jikoni.”

“Niko nakula, Papa.”

“Unakula nini? Meza tupu hii.”

“Niko katikati.”

Hajji alimaliza kutafuna. “Huyu ndiye mpishi?”

“Ndiye, Hajji. Anapumzika kidogo.”

“Anapumzika Ijumaa, nyumba imejaa?” Hajji akampa Mwavita macho ya taratibu. “Basi amechoka kweli.”

Nyuma, Benon akapaza sauti. “Mama, watu yangu bado nangoja. Kwani leo ni wewe ndio nagombana?” Meza tatu zikacheka. Kondakta mmoja akainuka, akachungulia nje kuelekea hoteli ya jirani, na wawili wakainuka naye.

Mahmood alipima haraka, kama alivyozoea. Kumtisha hakukuwa na maana; mtu aliyetoka Nakivale utamtisha na nini, kumrudisha Nakivale? Kumsihi mbele ya Hajji kulikuwa ni kumwonyesha mwenye nyumba kwamba hoteli si yake bali ya mpishi. Akainama kama anayefuta makombo.

“Nakuongeza mshahara.”

Mwavita akatikisa kichwa.

“Kesho turudi kwenye sahani mbili. Wallahi.”

“Kesho basi la Kabale litapiga honi tena. Miye si mjinga, Papa, nimeona. Hapa mbele haiwezekani.”

Mahmood hakulitarajia hilo. “Sasa unataka nini?”

“Chumba ya nyuma.”

“Kile ni ghala langu.”

“Ilikuwa.”

Kondakta na wenzake walikuwa wameshafika mlangoni. Hajji aliweka mkono wake wa kulia pembeni mwa sahani, jinsi mtu anavyouweka anapotaka kunawa na kuondoka.

“Mbele weka nyama juu ya nyama,” Mwavita akaendelea, wala hakunong’ona. “Nitakupikia, na sitauliza Molly anapakua namna gani. Nyuma ni yangu. Nitaweka meza zangu, nitaleta chakula wakati nataka. Na useme sasa hivi, huyu Baba asikie.”

Alifanya biashara maisha yake yote, na Mahmood hakukumbuka siku aliyobanwa namna ile, tena na mtu aliyeketi. Akanyoosha mgongo.

“Hajji,” akasema, “nilikuwa sijakueleza. Chumba cha nyuma ni cha Mama Mwavita. Atakitumia apendavyo.”

“Mimi napangisha kwa mtu mmoja,” Hajji akajibu. “Mkigawana ndani, ni yenu.” Akamtazama Mwavita tena. “Lakini nimesikia.”

Mwavita akainuka, akarudi jikoni, akafunga aproni. Mwiko ukagonga sufuria. Benon akapiga kofi moja la furaha mezani, makondakta wakarudi kukaa, na Hajji akamaliza nyama yake hadi mfupa. Alipotoka alimshika Mahmood mkono, na nyumba ikawa yake kwa miaka mitano.

Chumba cha mbele kilikwenda vizuri tangu siku ile. Cha nyuma kilikaa kitupu mwezi mzima, meza zake zimefunikwa vitambaa vya maua, na Mahmood akipita akilisikitikia ghala lake. Kisha akaja yule mwalimu wa Nyamitanga na mapadri wawili. Wakaja makarani wa ofisi za serikali za Kamukuzi, watu ambao mchana wao haukuwa na honi. Walikula sombe na wali, wakakaa, wakazungumza, ndipo mbuzi akaja. Hakuna aliyegomba.

Mahmood aliingia humo mara ya kwanza kwa kukosa nafasi mbele. Alikuwa na muuza ng’ombe wa Sanga, mtu mgumu ambaye bei yake haikusogea tangu asubuhi. Sahani za kwanza ziliondolewa, meza ikawa tupu. Muuza ng’ombe alitazama kitambaa cha maua. Akatazama mikono yake. Tumbo lake lilikuwa na chakula na mdomo wake hauna kazi, na bila kuulizwa na mtu akasema, “Haya, tuseme nipunguze kidogo.” Mahmood hakutikisika. Nyama ilipofika, ng’ombe walikuwa wake.

Kuanzia siku hiyo wauzaji wake wote aliwapitisha nyuma. Mwavita alimlipisha kama mteja yeyote.

Ungedhani mwanamke huyo sasa ametulia. Mwaka ule wa kwanza alionekana ametulia kweli; alitoka jikoni akifuta mikono, akaketi na wageni, akawauliza walichokipenda. Lakini mwaka wa tisini ulipoanza, Mahmood alimwona amesimama mlango wa uani, akitazama malori ya Kabale yanavyopanda. Dereva mmoja alikuwa amemletea habari kwamba mdogo wake yu hai, yuko Kalundu, bandari ya Uvira, na meli za ziwani zinapakia tena. Watu wenye njaa wapo, mpishi hakuna.

“Nauza,” alimwambia Mahmood.

“Unauza nini?”

“Chumba.”

“Chumba changu?”

“Ulisema mbele ya Hajji. Kama hutaki wewe, iko mutu wa spea za baiskeli.”

Mahmood akacheka, akamwambia azungumze kama mtu mwenye akili, akataja kiasi cha dharau. Mwavita hakubisha. Alimwalika kula kesho yake, wayamalize.

Alikwenda amejiandaa. Alijua mchezo wote, alikuwa ameucheza humo humo kwa zaidi ya mwaka mzima. Sahani ya kwanza ikaja, sombe kama lile la siku ya debe, akala. Molly akaondoa vyombo. Mwavita aliketi mbele yake, mikono juu ya kitambaa, miguu imetulia kabisa, hana haraka na kitu chochote duniani. Jikoni nyama ilinukia. Nje malori yalipita. Mahmood alianza kufikiria muuza spea humu ndani, akigonga vyuma nyuma ya ukuta wa hoteli yake. Akafikiria ng’ombe wa Sanga. Akafikiria ni nani atapika kesho. Akajiambia asiseme kitu mpaka nyama ifike.

“Haya,” akasema, “tuseme niongeze kidogo.”

Mwavita hakuinuka. Mahmood akaongeza tena, na hapo ndipo Mwavita alipomwita Molly alete nyama.

Akaondoka wiki ile ile, sufuria zake zimefungwa kwa kamba juu ya lori la chumvi, yeye mbele na dereva, akizungumza. Mwaka uliofuata dereva huyo huyo alisema alimkuta Kalundu na hoteli ya meza chache, na safari iliyofuata akasema hoteli ipo lakini ina mwenyewe mwingine. Mama yule ameiuza vizuri, amepanda meli ya kusini.

Mahmood alibaki na nyumba, na chumba cha mbele kinachojaa kila honi. Nyuma alijaribu wapishi wawili. Walileta sahani ya kwanza na ya pili kama walivyoelekezwa, ila katikati wageni walitazama saa zao, na wauza ng’ombe wakashikilia bei. Mwishowe alikunja vitambaa vya maua, akaingiza magunia ya maharage ndani ya chumba alichokinunua katika nyumba aliyokuwa akiilipia kodi.